Mchoraji aliyejificha nyuma ya simba

Kiswahili chetu kina kitenzi kimoja kinachofanya kazi ya watu wanne. Mtoto anayemkwaruza ng'ombe ukutani kwa kipande cha mkaa, anachora. Fundi wa pwani anayetia nakshi kwenye mlango, kwa Kiswahili cha wazee naye anachora, maana kuchora kwa asili ni kukata, kutia alama kwa chuma kwenye mti au jiwe. Msanifu wa majengo anachora nyumba. Na yule aliyeketi mbele ya kitambaa kilichowambwa kwenye fremu, akichanganya nyekundu na samawati ili apate rangi ya mlima saa kumi na mbili jioni, tunasema anachora vilevile. Ukitaka kuwa makini zaidi useme 'anapaka rangi', watu watamtafutia ngazi na ndoo. Ukisema ni 'msanii', watakuuliza ametoa wimbo gani.

Nimelirudia neno hili kwa sababu ya swali la historia. Je, huku chini ya Mlima Kenya, upande wa Meru na Embu, pamewahi kuishi mhamiaji aliyechora mandhari kwa mtindo wa Waimpreshonisti? Jina hilo, kwa wasiolijua, lilianza kama kejeli. Mwaka 1874 kikundi cha wachoraji kilifanya maonyesho yake chenyewe jijini Paris, na Claude Monet akaleta picha ya bandari alfajiri ambayo jina lake lilikuwa na neno la Kifaransa lenye maana ya kile ambacho jicho hupokea kwa mara ya kwanza, kabla akili haijakaa chini kupanga. Mhakiki Louis Leroy akalidaka neno hilo na kuwacheka nalo. Wao wakalikubali. Walitoka nje ya studio, wakachora mwanga wenyewe, haraka, kabla haujabadilika.

Sasa, mlima wetu ungewafaa sana watu hao. Wameru wanauita Kirimaara, jirani zao Wagikuyu Kirinyaga, na yeyote aliyeamka mapema Chogoria au Runyenjes anajua kwamba hauonekani kwa muda mrefu. Kufika saa nne asubuhi wingu limeshafunika kilele, na kilichobaki ni kuamini kwamba kipo.

Aliyekaribia zaidi mtindo huo ni Mfini, Akseli Gallen-Kallela, ambaye alisoma uchoraji Paris katika miaka ya 1880. Alikuja Nairobi mwaka 1909 na mkewe na watoto wawili, mji wenyewe ukiwa na umri wa miaka 10 hivi tangu reli ifike. Alichora picha zaidi ya 150 za rangi za mafuta, na Mlima Kenya umo. Rangi zake ni kali, mwanga wa hapa ulimshtua na yeye akauacha ushtue. Wajuzi wanaziweka picha hizo mbele kidogo ya Waimpreshonisti, karibu na wale waliotaka rangi ipige kelele. Lakini Gallen-Kallela alikuwa mgeni. Baada ya mwaka mmoja na zaidi alifunga mizigo akarudi Ufini, akiwa ameamua kwamba kwao ndiko kunakomlisha kama mchoraji. Mhamiaji ni mtu wa namna nyingine, na mhamiaji tuliye naye sisi hakuchora mwanga. Alichora maua, kisha akachora watu. Dunia nzima inamjua, ila inamjua kwa sababu ya simba.

Joy Adamson hakuzaliwa na jina hilo hata nusu yake. Alizaliwa Friederike Victoria Gessner, tarehe 20 Januari 1910, katika mji wa Troppau uliokuwa ndani ya himaya ya Austria na Hungaria. Leo mji huo unaitwa Opava na uko Jamhuri ya Czech. Yaani kabla hajavuka bahari yoyote, nchi aliyozaliwa ilikuwa imeshaondoka chini ya miguu yake. Alisoma piano Vienna, akajaribu ushonaji, akajaribu uchongaji na kazi ya chuma. Hakuna mahali alipotulia. Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill, mwanamume mwenye asili ya Kiyahudi aliyeona upepo wa Ujerumani unakovuma. Mwaka 1937 akamtuma mkewe Kenya akaangalie kama ni mahali pa kuishi.

Melini, bibi huyo alikutana na Peter Bally, Mswisi mtaalamu wa mimea. Yaliyofuata si mageni kwa wasomaji wa riwaya: ndoa ya kwanza ikavunjika, ya pili ikafungwa mwaka 1938, na ni Bally aliyempa jina Joy. Tungekuwa sisi tungemwita Furaha, jina ambalo waliomfahamu, kwa ukali aliokuwa nao, wangelipokea kwa kicheko.

Bally alifanya kazi na makumbusho ya Nairobi, ambayo wakati huo yaliitwa Coryndon, na kazi yake ilikuwa kukusanya mimea. Mmea ukishakatwa unanyauka, ukishakaushwa unapoteza rangi. Kamera za wakati huo zilikuwa nyingi za nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo mtaalamu wa mimea alihitaji mtu wa kukaa naye porini na kulichora ua likiwa hai. Katika safari ya vilima vya Chyulu, Joy alichukua brashi na rangi za maji, na hapo ndipo mwanamke aliyekuwa amejaribu kila kitu akapata kitu. Baadaye alipanda Mlima Kenya kuchora mimea ya juu, kule ambako lobelia husimama mrefu kuliko mtu na usiku ni baridi kali. Mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Bustani cha Uingereza kilimpa medali ya dhahabu ya Grenfell kwa michoro yake ya maua.

Kazi hii ni kinyume kabisa cha kazi ya Monet, na hapo ndipo ilipo raha yangu. Monet akikuchorea yungiyungi hupati idadi ya petali, unapata asubuhi. Joy alihesabu petali, alihesabu stameni, alionyesha upande wa juu wa jani na upande wa chini. Mtaalamu aliye London aliweza kuutambua mmea bila kufika Nanyuki. Wako wanaosema hii si sanaa, ni utumishi. Sikubaliani nao. Jicho linalokaa siku nzima na ua moja ni jicho lenye adabu, na adabu hiyo ndiyo aliyokuja nayo alipogeukia watu.

Mwaka 1944 alikuwa ameolewa mara ya tatu, na George Adamson, bwana nyama wa mpaka wa kaskazini, makao yake Isiolo. (Bwana nyama! Kiswahili cha serikali ya mkoloni kilikuwa na ucheshi wake: mlinzi wa wanyama akaitwa kwa jina la kitoweo.) Isiolo ni mguu wa Meru. Ukitoka huko kwenda dukani, hospitalini au kwa mkuu wa wilaya, unaupanda mteremko hadi Meru mjini, ukiwa na milima ya Nyambene upande mmoja na Kirimaara upande mwingine. Kuanzia hapo maisha yake yote ya maana yalizunguka eneo hili.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa Kenya, kabila baada ya kabila, wakiwa na mavazi na mapambo ya jadi. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba mambo hayo yanapotea. Hakuna aliyeulizwa ni nani anayeyapoteza. Joy alizunguka nchi kwa miaka kadhaa, hadi katikati ya miaka ya 1950, akapata mamia ya picha. Sehemu kubwa iko leo mikononi mwa Makumbusho ya Taifa, nyingine Ikulu. Mwaka 1967 baadhi yake zilitoka katika kitabu chake kuhusu watu wa Kenya.

Hebu tusimame kwenye tarehe hizo, kwa maana watu wa Meru na Embu wanazijua kwa jina jingine. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Katika karatasi za serikali, Wakikuyu, Waembu na Wameru walifungwa pamoja katika herufi tatu, KEM, na mtu wa kundi hilo hakutembea bila pasi. Kuanzia mwaka 1954 familia zilihamishwa kwa nguvu kutoka mashamba yao na kurundikwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha. Misitu ya mlima ikawa mahali pa kupigwa mabomu. Na katika miaka hiyohiyo, serikali hiyohiyo ilikuwa inalipia picha za wazee na vijana wa mlima wakiwa wamevaa manyoya, shanga na ngozi, wametulia, nyuma yao hakuna kitu.

Nyuma yao hakuna kitu: hili ndilo ninaloliona kwanza kila ninapozitazama. Mchoraji huyu aliishi karibu na moja ya mandhari bora zaidi barani, na watu wake amewasimamisha kwenye karatasi tupu. Hakuna mlima, hakuna shamba la mahindi, hakuna moshi wa jikoni, na bila shaka hakuna handaki. Ni mtindo wa mimea. Ua la kitabu cha botania huchorwa bila udongo ili lionekane vizuri, na Joy alimchora mtu kama alivyomchora ua. Faida yake ni kwamba kila ushanga upo mahali pake. Hasara yake ni kwamba mwaka haupo.

Sisemi alikuwa mtumishi wa propaganda. Nadhani hakuwa na habari nyingi na siasa, na hilo lenyewe lilikuwa anasa ambayo aliyekaa mbele yake hakuwa nayo. Lakini tazama tena, polepole. Wako wanaochora vazi na kumsahau mvaaji. Yeye kwa kawaida hakusahau. Mzee ana uchovu machoni. Kijana anaonekana kuona haya kidogo, kama mtu aliyeambiwa avae nguo ya baba yake. Na pengine ndivyo ilivyokuwa, maana kwa miaka hiyo vijana wengi wa mlimani walikuwa wanavaa kaptura na shati kila siku, wamesoma shule za misheni, na lile vazi lilitolewa kwa ajili ya mchoraji. Jicho lililozoea petali halikuweza kudanganya kuhusu uso.

Kwa Meru kuna jambo linalozifanya picha hizi ziwe nzito zaidi. Jamii za huku, Imenti, Tigania, Igembe, Tharaka, Mwimbi, Muthambi, Chuka, na Waembu na Wambeere kusini kwao, zilikuwa na mavazi maalumu ya jando na unyago, yaliyoonyesha mtu yuko kwenye hatua gani ya maisha. Mwaka 1956 baraza la wazee la Njuri Ncheke, likisukumwa na maofisa wa serikali, lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana Meru. Wasichana wengi walijibu kwa kujitahiri wenyewe vichakani. Rika hilo likaitwa Ngaitana, 'nitajitahiri mwenyewe', na mahakama zikajaa kesi. Mimi sitetei kisu, na sijui mtu makini anayekitetea. Ninachosema ni cha mwanahistoria: palikuwa na vita vya kweli juu ya miili na mavazi ya watu hawa, na picha zilizotuachia sura ya mavazi yenyewe zilichorwa na mwanamke wa Troppau, kwa malipo ya serikali, miaka michache tu kabla ya marufuku. Anayetaka kuzungumza na bibi yake kuhusu mambo hayo leo ana ushahidi mchache, na huu ni mmoja wapo.

Mwaka huohuo wa 1956, mwezi wa Februari, George alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, kisha akagundua alikuwa na watoto watatu. Wawili walipelekwa Rotterdam. Wa tatu, mdogo kuliko wote, walibaki naye wakamwita Elsa. Hadithi hii mnaijua: jinsi walivyomlea, wakamfundisha kuwinda, wakamwachia huru katika pori la Meru, kitabu kikatoka mwaka 1960 na filamu mwaka 1966. Sitairudia. Naomba tu tuone kilichompata mchoraji. Ndani ya miaka michache kazi ya miaka 20 ya brashi ilifunikwa na simba mmoja. Mpaka leo ukimtaja Joy Adamson, mtu atakuambia habari za mwanamke wa simba, na ukimwambia alikuwa mchoraji atakutazama kama umemchanganya na mtu mwingine.

Kwa watu wa Meru simba huyo alikuwa habari tofauti kidogo. Hifadhi ya Meru ilianzishwa na halmashauri ya wilaya ya Waafrika, jambo la nadra kwa wakati wake, na mwaka 1966 ikawa mbuga ya taifa. Sehemu ya fedha za vitabu ilisaidia hifadhi hiyo, na hilo tulikiri. Lakini Elsa alipokufa Januari 1961 kwa ugonjwa wa kupe, watoto wake watatu, ambao hawakuwa wamekomaa katika uwindaji, waligeukia mbuzi wa wanavijiji. Mwenye mbuzi hakusoma kitabu. Akina Adamson walilazimika kuwakamata simba hao na kuwasafirisha hadi Serengeti, Tanganyika. Kaburi la Elsa liko kando ya mto Ura, ndani ya mbuga, na wageni bado huenda kulitazama.

Joy alirudi Meru na duma aliyeitwa Pippa, akakaa naye kambini hadi 1969. Hizo, kwa maoni yangu, zilikuwa siku zake bora zaidi huku: hema, karatasi, mto wa Rojewero, na mnyama anayekuja na kuondoka apendavyo. Alimchora duma na watoto wake kwa penseli mara nyingi, michoro ya haraka, ya mkono usiokuwa na muda, kwa maana duma hakai akachorwa kama mzee wa baraza. Nikilazimishwa kutafuta Mwimpreshonisti ndani ya mwanamke huyu, nitamtafuta hapo. Mstari mmoja wa mgongo, kivuli cha sikio, basi, mnyama ameshaondoka.

Mwaka huo wa 1969 gari lake lilipata ajali na mkono wake wa kulia ukaumia vibaya. Alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja. Mkono haukurudi ulivyokuwa, na mtu aliyejipatia maisha kwa vidole, piano kwanza, brashi baadaye, ikambidi ajifunze upya hata kuandika. Pippa naye akafa mwaka huohuo, akazikwa Meru. Joy aliishi miaka 10 zaidi, kati ya nyumba yake ya Naivasha na kambi ya Shaba, alikokuwa akimlea chui. Huko Shaba, tarehe 3 Januari 1980, aliuawa. Habari za mwanzo zilisema ameraruliwa na simba, magazeti ya ulaya yakaipenda habari hiyo. Uchunguzi ulionyesha alichomwa kwa silaha, na aliyewahi kuwa mfanyakazi wake alihukumiwa. Majivu yake yalirudishwa Meru, yakanyunyizwa kwenye kaburi la Elsa na la Pippa.

Nikirudi kwenye neno letu: tumwite nani? 'Mchoraji' ninalikubali, hasa nikikumbuka maana yake ya kale ya kukata alama isiyofutika. 'Mchoraji wa mandhari' hapana, kwa maana ardhi ndiyo aliyoiacha nje. Wapo wanaopendekeza 'mpigaji taswira', na mimi naona taswira ni neno zuri lililofanyishwa kazi kupita kiasi na walimu wa ushairi. 'Sanamu' lilikuwa neno la picha yoyote ya mtu zamani, iwe ya rangi au ya jiwe, na ningefurahi lirudi, lakini mwambie Mkenya wa leo kwamba umeona sanamu ya nyanya yake Nairobi, atakwenda kuitafuta barabarani.

Na hapa kuna jambo la haraka kuliko istilahi. Ukisoma maelezo ya picha hizo mara nyingi unakuta kabila, unakuta cheo au hatua ya maisha: mzee, shujaa, mwari, mganga. Jina la mtu ni nadra. Lobelia ya mlimani ina jina lake kamili la Kilatini, na mama wa Chuka aliyekaa siku nzima juani akichorwa ana jina la kabila lake tu. Mtu aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1950 alizaliwa mwaka 1935. Watu wa umri huo bado wapo Chuka, Ishiara, Maua na Marimanti, ingawa si wengi, na wanaweza kutazama uso na kusema huyu ni fulani wa ukoo fulani, mkewe alitoka ng'ambo ya mto. Nakala za picha zingetosha. Za asili zibaki Nairobi zilikohifadhiwa. Gari moja, wiki mbili, na kijana anayejua kuandika Kitharaka, Kichuka na Kiembu sawasawa.